Mtu Mkubwa Amelala Hapo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa watu wa kwetu wote mbele ya serikali, na Kiswahili changu chote nilikuwa nimekiokota dukani. Mjomba wangu alikuwa na duka Garissa, nami nilikaa kwake mwaka mzima nikimlea mtoto wake. Nilijua sukari, majani ya chai, kitambaa cha marekani, mafuta ya taa, "ngoja kidogo" na "hakuna chenji". Niliporudi kwa mama yangu malishoni, upande wa kaskazini wa Modogashe, watu wakanipa jina la Turjuman, yaani mkalimani, nami nikavimba kichwa. Leo ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimesahihisha ngeli za watoto wa watu kwa miaka zaidi ya thelathini, na bado nikilikumbuka jina hilo nauma meno.

Kutoka kwetu kwenda Modogashe kulikuwa na njia ya zamani sana. Ilikuwa imekanyagwa na watu na ngamia mpaka ikadidimia ardhini, na mtoto akisimama ndani yake kingo zilimfika magotini. Pembeni mwake kulikuwa na visima vilivyochongwa kwenye mwamba, mabirika ya mawe ya kunyweshea mifugo, na mistari ya mawe ambayo hakuna aliyejua kazi yake. Wazee walisema yote hayo ni kazi ya Madanle, watu warefu wenye nguvu za ajabu waliokaa nchi ile kabla yetu. Walikwenda wapi? Ukiuliza, kila mzee alikupa jibu lake na kiapo juu yake.

Katikati ya njia hiyo palikuwa na taalo. Hilo ndilo jina letu la rundo la mawe, na taalo hii ilikuwa kubwa kuliko nyumba yoyote niliyokuwa nimeiona, ukitoa ghala la Garissa. Chini yake, tuliambiwa, amelala Mmadanle mmoja mkubwa. Ajabu yake ni kwamba imezungukwa na mchanga mtupu. Unatembea nusu siku hujaona hata kokoto. Kwa hiyo kila msafiri alitakiwa abebe jiwe kutoka pale alipolala usiku uliotangulia, na akifika aliongeze kwenye rundo. Ukipita mikono mitupu, njia inakurefukia, unatembea hufiki. Na ukithubutu kuondoa jiwe, njia nayo inachukua kitu kinachotembea.

Bibi yangu, tuliyemwita ayeyo kama watoto wote wa Kisomali wanavyomwita bibi, aliamini hayo bila chembe ya shaka, na akasali sala zake tano bila kuona tatizo lolote. "Mimi siabudu," alikuwa akisema. "Mimi nasalimia." Maalim wetu wa chuo cha Kurani alikuwa akitukemea kwamba huo ni ushirikina wa wazi. Lakini asubuhi ya pili ya safari ninayoisimulia nilimwona kwa macho yangu akichagua jiwe, akalipangusa vumbi, akalificha kwenye mkunjo wa shuka lake. Nilipomtazama akaanza kukohoa.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, waasi waliopigana na serikali kule kaskazini. Wako wanaoviita kwa majina mengine, nami sitaki ugomvi wa majina hapa. Amri ilitoka kwamba watu wote wa malishoni wahamie kambi moja karibu na Modogashe, iliyozungushiwa miiba na askari. Mifugo nayo iingizwe kwa siku maalum. Baada ya hapo, mnyama atakayeonekana nje atahesabiwa ni wa shifta na atapigwa risasi, na hata kabla ya hapo asiye na karatasi yuko mashakani.

Baba yangu alikuwa amefariki kwa homa mwaka uliopita. Tulichokuwa nacho duniani, mimi, mama, ayeyo na mdogo wangu, ni ngamia kumi na wanne, nao walikuwa malisho ya mbali, wakichungwa na babu yangu, awowe, mzee ambaye alizungumza na ngamia zaidi kuliko alivyozungumza nasi. Mama alikwenda mara tatu kwa ofisa aliyekuja kutuandikisha, akalia mbele yake, mpaka akapewa karatasi ya kibali cha kuwapitisha ngamia wetu. Awowe alitumiwa habari awalete ngamia mpaka kisima cha mwisho cha njia ya zamani, mwendo wa saa moja na nusu kufika kambini, awaweke hapo atusubiri. Sisi tungepita hapo na karatasi. Siku ya mwisho ilikuwa siku ya pili ya safari yetu. Karatasi ifike kisimani kabla jua halijazama, basi, ngamia wetu wamepona. Mama aliishona ndani ya kimfuko cha ngozi akakivaa shingoni, na nadhani hakulala akiishika.

Tulitoka watu kama arobaini, wanawake, watoto na wazee, kwani vijana wa kiume walikuwa wameshatoweka kila mmoja kwa sababu zake. Askari sita walitusindikiza, wakiongozwa na sajini mmoja mnene kutoka bara. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo nikiwa mtu mzima, kwa sababu wakati ule nilimwona jitu. Alikuwa anaogopa. Kila kichaka alikitazama mara mbili, na jioni ya kwanza alimpa mdogo wangu biskuti huku bunduki iko magotini.

Siku ile ya kwanza ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Ayeyo alitembea mbele na watoto tukamfuata, akatuonyesha alama za kamba kwenye midomo ya visima, mifereji iliyokatwa kwenye jiwe gumu na kamba za watu wa miaka isiyohesabika. Tuliingiza vidole vyetu ndani. Alitutajia nani alinyweshea wapi, kisima gani kilimpa bibi yake maji mwaka wa ukame, na wapi Madanle walikaa kula. "Mguu wako uko juu ya mguu wao," aliniambia. Nilitembea nikichungulia chini kila hatua. Usiku tulilala penye mwamba, na kulipokucha kila mtu alikuwa na jiwe lake.

Hakuna aliyemwambia sajini habari za mawe. Nani angemwambia? Kwetu lilikuwa jambo la kawaida, mtu hamtangazii mwenzake kwamba atavua viatu mlangoni. Nami, turjuman mwenyewe, niliyepaswa kulifikiria hilo, nilikuwa nimeshughulika kuwaonyesha watoto wenzangu kwamba askari wananijua kwa jina.

Tulifika kwenye taalo saa nne asubuhi. Ayeyo, akiwa mbele, akainua mkono na kupaza sauti: "Mawe yenu!" Watu arobaini wakainama kwa pamoja, wakapekua mashuka, vikapu na migongo ya punda, wakainuka kila mmoja ana jiwe mkononi.

Nikasikia bunduki sita zikikokiwa.

"Weka chini! Weka chini yote!" alipiga kelele sajini. Hakuna aliyemwelewa. Wengine walidhani anawahimiza, wakazidi kusogea. Akapiga risasi moja hewani, watoto wakaangua kilio, watu wakaduwaa na mawe yao. Mama akanisukuma mbele kwa mikono miwili.

"Wewe mtoto, waambie waweke mawe chini na wakae. Mikono kichwani."

Niliwaambia, wakakaa. Mpaka hapo nilikuwa naweza.

"Sasa muulize huyu nyanya, mawe ni ya nini?"

Ayeyo alinijibu kwa Kisomali, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni: "Mwambie kwenye taalo ile amelala mtu mkubwa. Tunampelekea mawe ili atuachie njia."

Nilitafuta neno la taalo. Nilitafuta neno la mahali anapowekwa maiti. Sikuwa nalo. Dukani kwa mjomba hakuna mtu aliyekufa kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeshawapimia marekani nyeupe watu waliokuja kimya kimya, lakini hakuna aliyeniambia wanakwenda kumfunika nani. Na watoto wa Garissa walikuwa wamenicheka sana nilipochanganya Kisomali na Kiswahili, hata nikaapa kwamba neno lolote linalonuka nyumbani sitalitia kwenye Kiswahili changu. Kwa hiyo nilisema nilichokuwa nacho.

"Afande, mtu mkubwa amelala hapo. Ndani ya mawe. Sisi nabeleka mawe kwake, yeye naacha sisi tubite."

Uso wa sajini ulibadilika rangi.

"Mkubwa? Mkubwa wenu?"

"Ndiyo, afande. Mkubwa sana."

"Ana watu?"

"Wako wengi. Njia hii yote wako."

"Wana bunduki?"

"Hapana bunduki," nilisema, nikifurahi kwamba hapa nina jibu la hakika. "Mkuki."

"Na anafanya nini hapo?"

"Nangoja."

Nimeyarudia mazungumzo hayo maisha yangu yote. Nimeyaandika ubaoni kichwani mwangu, nikayapigia mistari myekundu. Kila jibu nililotoa lilikuwa kweli tupu, na kila jibu lilizidi kutuzika.

Sajini akawalaza askari wake kifudifudi mchangani. Wawili walizunguka nyuma ya taalo wakitambaa kwa matumbo. Akaanza kuliamrisha rundo la mawe litoke nje mikono juu. "Toka! Tunajua uko hapo!" Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu zikaniuma. Rundo halikujibu. Walingoja, wakapiga risasi kadhaa, wakangoja tena, na mwishowe wakasogea wakaanza kulibomoa, jiwe moja moja, kwa uangalifu, wakitafuta mlango.

Jua likapanda, likatusimamia utosini. Sisi tulikaa pale pale, mikono kichwani, na ukitaka kusema na jirani yako unapigiwa kelele. Mama alivumilia mpaka adhuhuri. Halafu akasimama, akakichana kile kimfuko kwa meno, akaenda kwa sajini ameinyoosha karatasi.

"Afande. Garatasi. Leo. Leo mwisho, tafadali. Ngamia, jua..." Akaonyesha jua, akaonyesha mbele. Hicho ndicho Kiswahili chote alichokuwa nacho.

"Mama, kaa chini! Hii nitaisoma nikimaliza hapa."

"Turjuman, mwambie!" mama akanililia. Nikamwambia. Nilimwambia ngamia, babu, kisima, nikachanganya yote. Sajini alinitazama kana kwamba najaribu kumwondoa pale asigundue kilichofichwa. Akaniambia ninyamaze. Nilikuwa nimesema ya kutosha, alisema.

Ayeyo ndiye pekee aliyekuwa hatazami jua. Alikuwa anatazama mawe yanavyorushwa mchangani. "Wameyaondoa," alisema, si kwa hasira, kwa uchovu tu. "Sasa njia itachukua kinachotembea." Nilimsikia vizuri, na watu wote waliokuwa karibu walimsikia.

Alasiri maalim aliomba ruhusa ya kusali, kwa ishara, na kwa sababu mmoja wa askari alikuwa Mwislamu wa pwani, akaruhusiwa. Alipomaliza sala akageuka akalitazama lile rundo lililobomolewa. Sijui nini kilimwingia, yeye aliyekuwa akitukemea. Aliinua viganja vyake, akalitolea salamu ya Kiarabu inayotolewa na Waislamu wanapopita penye wafu: "Asalamu alaikum ya ahlal kubur."

Yule askari wa pwani akaacha jiwe alilolishika.

"Afande," aliita. "Afande, hapa hakuna mtu. Hili ni kaburi."

Kaburi. Nililisikia neno hilo kwa mara ya kwanza maishani, na nikalijua papo hapo, kwa sababu ni letu. Kisomali tunasema qabri. Ni neno lile lile, limevaa kanzu nyingine. Nilikuwa nalo mdomoni tangu saa nne asubuhi. Ningelisema vile vile lilivyo, kwa Kisomali changu cha nyumbani, na sajini angelielewa, angecheka kidogo, angetuacha tuweke mawe yetu twende zetu.

Sajini alikaa juu ya jiwe, akavua kofia. Aliniuliza, kwa upole sasa, "Kwa nini hukusema?" Sikuwa na Kiswahili cha kumjibu, na ukweli ni kwamba hata leo, na vyeti vyangu vyote, bado sina.

Aliisoma karatasi ya mama akatuamuru tukimbie, yeye mwenyewe akatangulia. Tuliacha punda, tuliacha wazee na askari watatu. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akakimbia ameikunja karatasi kwenye ngumi. Jua lilikuwa limegusa vichwa vya migunga tuliposikia milio mbele yetu. Haikuwa mingi kama unavyodhani. Milio, kimya, milio. Sajini alipiga filimbi yake kwa nguvu zote huku anakimbia, akaipiga mpaka akapaliwa.

Doria nyingine ilikuwa imefika kisimani kabla yetu. Walimkuta mzee na ngamia kumi na wanne bila karatasi, wakamtenga mzee pembeni, wakafanya walichoagizwa. Tulipofika, ngamia walikuwa wamelala kuzunguka birika la mawe, wengine shingo zao zimeingia ndani ya maji. Awowe alikuwa amekaa chini, hana jeraha hata moja. Sajini aligombana na wenzake kwa sauti kubwa, nao wakamwambia kwamba amri ni amri. Mama alikwenda akapiga magoti mbele ya baba yake, akampa karatasi.

Awowe hakujua kusoma. Aliigeuza upande huu na upande huu.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, abo."

Akaikunja vizuri, akamrudishia.

Tuliishi kambini miaka miwili kwa mgao wa unga. Awowe hakuumaliza mwaka wa kwanza. Hakuwa mgonjwa, alikosa tu kazi ya kufanya asubuhi. Na ndani ya ua lile la miiba, hadithi ilikuwa imeshatengenezwa kabla hata hatujazoea kupiga foleni: askari walibomoa taalo, na Madanle akachukua kinachotembea. Ilipita kutoka hema hadi hema. Ilikuwa hadithi kamili, ina kosa na ina adhabu, na mimi simo ndani yake kabisa. Hakuna aliyejua Kiswahili cha kutosha kujua nilisema nini.

Nilijaribu kuwaambia. Mama alinikatiza akisema nisijitie mambo ya wakubwa. Maalim alisema ni kadari. Mwaka juzi mpwa wangu anayesoma chuo kikuu Garissa alinichukua kwenye matembezi ya kikundi chao, wanafunzi na wageni, kwenda kuona njia ile ya kale. Kijana aliyetuongoza alisimama kwenye taalo, ambayo watu wameshairudishia mawe, akasimulia habari za laana na ngamia kumi na wanne. Nikainua mkono kama mtoto wa darasani, nikamwambia haikuwa hivyo, kulikuwa na kosa la tafsiri. Alinijibu kwa adabu sana: "Mama, sisi habari hii tumeibata kwa wazee wenyewe." Watu wakapiga picha. Mzee mwenyewe aliyebaki ndiye mimi.

Hata hivyo si kijana huyo anayeniudhi, wala si sajini. Ni ayeyo.

Nilimwendea nikiwa tayari chuo cha ualimu, nimerudi likizo, nikiwa nimejipiga moyo konde njia nzima. Alikuwa ameshapofuka jicho moja. Nilimweleza yote, neno kwa neno, sajini aliuliza nini na mimi nilijibu nini. Nikamwambia kuhusu kaburi na qabri. Nikamwambia, "Ayeyo, si Madanle. Ni mimi."

Akanishika kifundo cha mkono.

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto, lakini neno nilikuwa nalo."

"Taalo ilibomolewa. Nilisema pale pale, watu wakanisikia. Sikusema?"

"Ulisema. Lakini nisikilize, ayeyo."

"Nimekusikiliza," alisema. "Sasa usimnyang'anye Madanle ngamia wake."

Akaomba chai. Hakutaka kulizungumza tena, siku ile wala siku nyingine, na miaka mitatu baadaye tukamzika.

Sijui kama aliamini. Siku nyingine naona aliamini kweli, kwamba kwake dunia ilikuwa na sheria zake na mtoto wa miaka tisa hana nguvu ya kuua ngamia kumi na wanne kwa mdomo. Siku nyingine naona alikuwa amejua tangu kambini, pengine tangu pale pale mchangani, na kwamba yeye ndiye aliyeipeleka hadithi ile hema kwa hema, kunisitiri. Alikuwa na akili ya kufanya hivyo. Ikiwa ni hivyo, alinipa msamaha ambao sikuuomba, bila kunitajia kosa, na nimeubeba miaka hamsini na kitu sijui pa kuuweka. Sikutaka kusitiriwa. Nilitaka mtu mmoja tu wa nyumbani kwetu anikasirikie, nimwombe radhi, na yaishe.